Jinsi ya Kutengeneza na Kuchezesha Mchezo wa Ubaoni wa Vita vya Waguelfi na Waghibellini, 1260

Tarehe 4 Septemba 1260, kwenye vilima vya Montaperti nchini Italia, kilomita chache mashariki ya mji wa Siena, jeshi la Firenze lilikuwa kubwa kuliko la adui, lilikuwa na bendera ya mji juu ya gari lililokokotwa na maksai, na hata hivyo lilisambaratishwa kabla jua halijazama. Masimulizi ya kale ya Firenze yanaeleza kwamba mapigano yalipopamba moto, Bocca degli Abati, mpanda farasi wa Firenze yenyewe, alimsogelea Jacopo de' Pazzi aliyeshika bendera ya wapanda farasi, akamkata mkono kwa upanga. Bendera ilipoanguka wapanda farasi walitimka, wakawaacha askari wa miguu wamalizwe. Anayetaka kuitengenezea vita hiyo mchezo wa ubaoni hana budi kuanzia kwenye mkono huo uliokatwa, kwa sababu sheria zinazohesabu askari peke yake zitaipa Firenze ushindi karibu kila mara.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuutengeneza mchezo huo kwa vifaa vya nyumbani, kwa wachezaji wawili na kwa muda wa saa tatu hivi. Sheria ni zangu, nami nimezirekebisha mara kadhaa baada ya kuzijaribu mezani. Historia nimeifuata kadiri mchezo ulivyoruhusu.

Kabla ya kukata karatasi

Waguelfi ndio waliojinasibisha na Papa, na Waghibellini wakajinasibisha na Kaisari wa Dola Takatifu la Roma. Majina yenyewe yalitoka Ujerumani: la kwanza katika ukoo wa Welf, la pili katika ngome ya Waiblingen iliyokuwa ya ukoo wa Hohenstaufen. Ndani ya miji ya Toscana, hata hivyo, mambo ya Papa na Kaisari mara nyingi yalikuwa kanzu iliyofunika ugomvi wa majirani. Watu wa Firenze wenyewe walizoea kusema kwamba mgawanyiko wao ulianza mwaka 1216, kijana wa ukoo wa Buondelmonti alipomwacha mchumba wake wa ukoo wa Amidei, akachumbia kwingine, na ndugu za binti huyo wakamuua karibu na daraja la Ponte Vecchio.

Mwaka 1250, ambao Kaisari Frederick II alifariki mwezi Desemba, Firenze iliingia mikononi mwa serikali ya wafanyabiashara na mafundi iliyoegemea upande wa Waguelfi. Mwaka 1258 Waghibellini wakuu, wakiongozwa na Farinata degli Uberti, walifukuzwa mjini na majumba yao yakabomolewa. Walikimbilia Siena, hasimu wa Firenze katika biashara na mipaka, na kutoka huko wakaomba msaada kwa Manfred, mwana wa Frederick, aliyetawazwa mfalme wa Sicilia mwaka huohuo. Mambo matatu katika maelezo haya lazima yaonekane ubaoni: wakimbizi wenye kisasi, mfalme aliye mbali na asiyetoa askari bure, na ukoo uliobaki Firenze ambao hakuna ajuaye moyo wake uko wapi.

Hatua ya kwanza: vifaa

Tafuta karatasi moja kubwa ya manila, kadi ngumu za rangi mbili (boksi la viatu lililopakwa rangi litafaa vilevile), dadu nane, mfuko mdogo wa kitambaa, na vifungo vya shati: vinne vyekundu, vitatu vyeusi na kimoja cheupe. Punje za mahindi zitakuwa posho ya jeshi na maharage yatakuwa florini, sarafu ya dhahabu ya gramu tatu na nusu hivi ambayo Firenze ilianza kuifua mwaka 1252.

Hatua ya pili: ramani

Usichore ramani ya miraba wala ya pembe sita. Majeshi ya wakati ule yaliandama njia, na njia zilikuwa chache, kwa hiyo ramani ya vituo vilivyounganishwa kwa mistari ndiyo inayosema kweli. Weka Firenze juu kidogo ya katikati ya karatasi, na Siena chini yake. Kwa mstari ulionyooka miji hii haiachani zaidi ya kilomita 50 hivi, nayo ni karibu mno kwa miji iliyochukiana kiasi hicho. Magharibi weka Pisa na Lucca. Kati ya Lucca na Firenze weka Pistoia na Prato. Kando ya mto Arno weka Empoli na San Miniato. Kati ya Firenze na Siena weka Poggibonsi, na jirani zake San Gimignano, Colle di Val d'Elsa na Volterra. Mashariki ni Arezzo, na kusini ni Montepulciano, Montalcino, Grosseto na Orvieto. Kituo cha 18 ni Montaperti, ambacho si mji bali ni uwanda wenye vilima na mto Arbia pembeni.

Mistari iwe ya aina mbili. Mstari mnene ni barabara ya mikokoteni: Firenze hadi Lucca kupitia Prato na Pistoia, Firenze hadi Pisa kupitia Empoli na San Miniato, Firenze hadi Arezzo, Firenze hadi Poggibonsi, na ile njia ya mahujaji iendayo Roma, Via Francigena, ambayo hapa tutaichora kutoka Lucca kupitia San Miniato, Poggibonsi na Siena hadi chini ya kilima cha Montalcino. Mstari mwembamba ni kijia, nacho huunganisha vituo vilivyobaki, ikiwemo njia ya vilimani kutoka Firenze hadi Montaperti, na nyingine kutoka Montaperti hadi Siena, Arezzo na Montalcino. Ukimaliza, hakikisha hakuna kituo kisicho na angalau njia moja. Mimi niliwahi kuisahau Grosseto, na hatukugundua mpaka katikati ya mchezo.

Hatua ya tatu: kete

Makadirio ya majeshi ya Montaperti hutofautiana, lakini yanayotajwa mara nyingi ni wapanda farasi 3,000 na askari wa miguu 30,000 kwa upande wa Firenze na marafiki zake, dhidi ya wapanda farasi 1,800 na askari wa miguu 18,000 wa Siena. Tukifanya kete moja ya farasi iwe watu 200, na kete moja ya miguu iwe watu 1,500, Waguelfi watapata kete 15 za farasi na 20 za miguu, na Waghibellini 9 za farasi na 12 za miguu.

Zigawe hivi. Firenze ina farasi 7 na miguu 10. Lucca farasi 3 na miguu 4. Arezzo farasi 2 na miguu 2. Pistoia na Prato kila mmoja farasi 1 na miguu 1. Orvieto farasi 1 na miguu 2. Upande wa pili, Siena ina farasi 3 na miguu 10, Pisa ina miguu 2, na wakimbizi wa Firenze walioko Siena wana farasi 2, ambazo moja yake iandikwe jina la Farinata. Kete 4 za farasi zilizobaki ni Wajerumani wa Manfred, nazo hazianzi ubaoni. Badala yake kata kete moja ndogo ya Wajerumani na kuichora bendera. Hiyo ndiyo itakayoanza Siena, na kazi yake nitaieleza baadaye kidogo.

Kata pia mikokoteni sita kwa kila upande, na kwa Firenze kete moja ya pekee: gari la bendera, ambalo Waitalia waliliita carroccio. Lilikuwa gari zito lenye mlingoti, likikokotwa na maksai, na kulipoteza ilikuwa aibu isiyosahaulika.

Hatua ya nne: vyeti vya siri

Hapa ndipo mchezo ulipo, na ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Kata vyeti saba vidogo vinavyoweza kujificha chini ya kete. Viwili vichore upanga, vitano viache vitupu. Kabla ya mchezo kuanza, mchezaji wa Waghibellini huweka cheti kimoja, uso chini, chini ya kila kete ya farasi ya Firenze. Yeye anajua panga ziko wapi. Mwenzake anajua tu kwamba zipo.

Mwanzoni mwa zamu yoyote mchezaji wa Waguelfi anaweza kulipa florini 2 na kufunua cheti kimoja. Akikuta upanga, ukoo ule unafukuzwa: kete inahamia Siena papo hapo na kuwa ya adui, lakini walau sasa ni adui anayeonekana. Akikuta cheti kitupu, amewatuhumu watu waaminifu, na kete hiyo inalazwa ubavu kwa zamu mbili bila kutumika, kwa kuwa wenyewe wamefunga milango na hawataki kusikia mbiu. Anayefunua kila cheti atakuwa salama dhidi ya usaliti na hatakuwa na wapanda farasi wa kupigana nao. Asiyefunua hata kimoja ataingia vitani akiwatazama wenzake kwa pembe ya jicho.

Mchezaji wa Waghibellini naye ajifunze kutunza uso wake. Mezani kwangu mtu mmoja alikuwa akiitazama kete yenye upanga kila iliposogezwa, na mwenzake akamsoma kama barua iliyo wazi.

Hatua ya tano: mwendo wa zamu

Mchezo una zamu 12, kila moja ikiwa nusu mwezi, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba 1260. Zamu huanza kwa mapato: Firenze hupokea florini 6 na Siena florini 4. Kisha malipo: Firenze hulipa florini 1 kwa kila mji rafiki ambao jeshi lake liko nje ya kwao, na Siena hulipa florini 1 kwa kila kete ya Wajerumani. Miji rafiki ikitoka yote mitano, Firenze hubakiwa na florini moja, na uchunguzi wa wasaliti unakuwa anasa. Wajerumani wasipolipwa wanarudi kwa Manfred bila kuaga.

Siena ina mlango mmoja wa dharura. Masimulizi ya mji huo yanamtaja Salimbene Salimbeni, mkopeshaji tajiri, aliyetoa florini 118,000 ili Wajerumani walipwe kabla ya vita. Mara moja katika mchezo, basi, Siena inaweza kuchukua florini 8 kwa mkupuo, na kuanzia zamu inayofuata mapato yake yanashuka kutoka 4 hadi 3.

Baada ya fedha huja mwendo. Tia mfukoni vifungo vyekundu vinne vya Waguelfi na vyeusi vitatu vya Waghibellini, kisha chomoa kimoja kimoja bila kutazama. Mwenye rangi iliyotoka husogeza jeshi lake moja. Vikishatoka vifungo vitatu, ongeza kile cheupe mfukoni. Kikitoka, zamu imekwisha hata kama mtu alikuwa na mipango mingine. Jeshi lenye askari peke yake husogea vituo viwili, lenye mikokoteni kituo kimoja. Gari la bendera husogea kituo kimoja barabarani, na kwenye kijia huhitaji vifungo viwili kufika upande wa pili. Kwa hiyo njia ya vilimani kutoka Firenze hadi Montaperti ni fupi machoni na ndefu mfukoni.

Hatua ya sita: Wajerumani na bendera yao

Sasa ile kete ndogo. Kwa mujibu wa masimulizi ya Firenze, Manfred alipoombwa msaada alitoa wapanda farasi 100 tu, na wajumbe wakataka kukataa kwa hasira. Farinata akawaambia wapokee, mradi waje na bendera ya mfalme. Mwezi Mei 1260, Firenze ilipofika hadi kwenye malango ya Siena karibu na Santa Petronilla, Wajerumani hao wachache walishibishwa divai na kuachiwa wawavamie maelfu. Waliuawa wengi, bendera ya mfalme ikaburutwa chini, na Manfred, akiwa sasa ametukanwa yeye mwenyewe, akatuma wapanda farasi 800.

Sheria ni hii. Kete ndogo ikiuawa peke yake katika mapigano na jeshi la Waguelfi kabla ya mwisho wa zamu ya 6, kete 4 za Wajerumani zitaingia Siena baada ya zamu nne. Isipouawa, hazitakuja kamwe. Mchezaji wa Waguelfi, kwa upande wake, hupata alama 1 kwa kuteka bendera, na anaruhusiwa kukataa mapigano kwa kurudi kituo kimoja nyuma. Wachezaji wapya huichukua alama hiyo kwa furaha. Wazoefu hurudi nyuma, na hapo Waghibellini hulazimika kuwafukuza adui zao ili wakauawe, jambo la kuchekesha ambalo sijaliona katika mchezo mwingine wowote.

Hatua ya saba: posho

Kila kete tano zilizo nje ya miji yao hula posho 1 kwa zamu, na kila mkokoteni hubeba posho 2. Jeshi zima la Waguelfi, kete 35, linakula posho 7, yaani mikokoteni minne, na inabaki miwili tu kwa kazi nyingine. Kazi hiyo ipo: safari ya Agosti na Septemba 1260 ilikuwa na lengo la kuipelekea chakula Montalcino, mji rafiki uliobanwa na Siena. Daftari za jeshi la Firenze zilitekwa vitani na zimehifadhiwa hadi leo, zikiwa na orodha za askari, maofisa na watu walioahidi nafaka na wanyama wa mizigo. Anayezipitia huona kwamba makarani walihangaika na magunia kama makamanda walivyohangaika na panga.

Jeshi linaweza kuteketeza mashamba ya kituo na kupata posho 2, au 4 katika zamu za Juni na Julai wakati wa mavuno, kisha kituo hicho huwekwa alama nyeusi na hakitoi tena. Jeshi lililokosa posho hupoteza kete moja kwa kila posho iliyokosekana.

Hatua ya nane: mapigano

Katika toleo langu la kwanza kila kete ilirusha dadu, na vita moja ilichukua zaidi ya saa nzima, huku mmoja wetu akisinzia. Sasa kila upande huweka mbele kete zisizozidi nane, kwa kuwa vilima havikuruhusu zaidi. Kila kete hurusha dadu moja: farasi hupiga kwa 5 au 6, Wajerumani kwa 4 hadi 6, miguu kwa 6 tu. Pande zote hurusha kwa pamoja, na kila pigo huondoa kete moja anayoichagua mwenyewe aliyepigwa. Gari la bendera likiwepo, Waguelfi hurudia dadu moja katika kila mzunguko. Jeshi lililopoteza theluthi ya kete lilizoanza nazo linavunjika: kete 12 kati ya 35, au 7 kati ya 21.

Fanya hesabu kabla ya kucheza. Waghibellini wakiweka mbele Wajerumani wanne na farasi wengine wanne, hutarajia mapigo matatu na zaidi kidogo kwa mzunguko, na huhitaji mizunguko minne kulivunja jeshi kubwa. Firenze, ikiwa na farasi nane na bendera, hutarajia mapigo matatu hivi, na huhitaji mizunguko miwili au mitatu tu. Bila usaliti, Firenze inashinda mara nyingi.

Kwa sababu hiyo, mwisho wa mzunguko wowote, ikiwa kuna angalau kete moja ya Wajerumani vitani, mchezaji wa Waghibellini anaweza kufunua upanga mmoja. Kete ile huvuka upande wake, na kila farasi wa Waguelfi aliyebaki hurusha dadu: 1 hadi 3 anakimbilia mji rafiki ulio karibu, naye huhesabiwa kama aliyepotea. Askari wa miguu hawarushi. Inasimuliwa kwamba walikufa wakiwa wamelizunguka gari la bendera, na sheria iwaache hapo.

Hatua ya tisa: alama na baraza la Empoli

Waguelfi hupata alama 3 wakifikisha posho 3 Montalcino, na hushinda moja kwa moja wakiingia Siena. Waghibellini hupata alama 3 kwa kuteka gari la bendera, na 3 nyingine ikiwa hadi zamu ya 12 Montalcino haijapata chakula. Zikilingana, ushindi ni wa Siena, iliyoanza ikiwa dhaifu.

Ukipata mchezaji wa tatu, mpe wakimbizi. Yeye na mchezaji wa Siena wanapigana pamoja hadi jeshi la Waguelfi litakapovunjika, kisha wanakaa Empoli, kama walivyokaa washindi wenyewe baada ya Montaperti, wakajadili kuibomoa Firenze yote ibaki vijiji. Mchezaji wa Siena huongezewa alama 3 mji ukibomolewa. Mchezaji wa wakimbizi hushinda peke yake ikiwa mji umesimama na kete zake ziko ndani, kwa kuwa Farinata hakupigana miaka yote ile ili arudi kwenye kifusi. Inasemekana alisimama peke yake barazani akaupinga mpango huo uso kwa uso. Kura hupigwa kwa dadu: Siena hurusha mbili, wakimbizi hurusha moja, na jumla kubwa hushinda, lakini kete ya Farinata ikiwa hai, wakimbizi hurusha tatu. Mweleze mchezaji huyo sheria hii tangu mwanzo, usimfiche, halafu tazama ni mara ngapi Siena itapendekeza kwamba kete ya Farinata ndiyo iwekwe mbele ya zote vitani.